Msituambie tena "imemkuta ghafla"



Leo hatuna mapishi wala mitindo ya mabaibui. Tuna hasira, mtusamehe.

Kila tunapokwenda kutoa mkono wa taazia kwa mja mzito, au kwa kichanga chake, tunalisikia neno lile lile: "Maskini, imemkuta ghafla." Mwenzetu mmoja wa hapa mtaani, mimba ya miezi saba, alilalamikia kichwa siku nne. Miguu ilivimba hata ndara hazimwingii. Mavyaa wake akafurahi, akasema huyo ni mtoto wa kiume. Alipoanza kuona maruweruwe, akaletewa kombe. Usiku wa tano akaanguka, mwili umekakamaa, na sebuleni watu wanabishana ni shetani gani kampanda. Yeye yu hai, alhamdulillahi. Mtoto tulimzika.

Siku nne si ghafla. Na hizo nne zenyewe ndio mwisho wa mambo, si mwanzo.

Kifafa cha mimba chanzo chake ni kondo la nyuma. Mimba ikienda salama, mishipa ya damu ya mji wa mimba hutanuka ili kondo lishibe damu. Kwa baadhi yetu haitanuki vizuri. Kondo likikaa na njaa, linamwaga kwa wingi kwenye damu ya mama protini inayoitwa sFlt-1. Hii ni mwizi hasa: inazikamata protini nyengine zinazotunza kuta za mishipa, mojawapo PlGF, zisifanye kazi yake. Mishipa ya mwili mzima ikikosa matunzo presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, ini linaumia, na ubongo ukizidiwa ndio mtu huanguka. Watafiti wa Boston waliieleza kazi hiyo ya sFlt-1 mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikaonekana kuwa hupanda wiki kama tano kabla ya ugonjwa kujitokeza. Wiki tano! Shetani gani huyo anayetoa notisi?

Uingereza wanapima PlGF kwa waja wazito wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu. Marekani iliruhusu mwaka 2023 kipimo cha uwiano wa protini hizo mbili. Na sisi tunakitaka, kwa nini tusikitake? Ila hatukubali kipimo cha mbali kiwe kisingizio cha kuacha cha karibu. Presha ya 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 ni ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo, si ya kuambiwa "kapumzike, punguza chumvi". Kuna kliniki unapimwa uzito, unachomwa sindano ya pepopunda, kisha unaambiwa vijiti vya kupimia mkojo vimekwisha, rudi mwezi ujao. Na sisi tunasema ahsante, tunajifunga mtandio, tunaondoka! Tusiondoke. Tuulize: presha yangu ngapi? Mkojo je? Kiandikwe kwenye kadi.

Maana dawa ipo. Utafiti wa wanawake zaidi ya 10,000 uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini inamsaidia aliyefika. Na msidhani ukishajifungua umeokoka. Kinaweza kumpata mzazi aliye ndani ya arubaini yake, kitandani, na watu wanamkanda.

Mabi wakubwa zetu, dua hatuipigi vita. Tusomeeni sote. Lakini kisomo kinasomeka hata ndani ya gari ya kwenda hospitali, na ngamia hufungwa kwanza, hilo mmetufundisha nyinyi wenyewe. Na nyinyi waume, mke anayeumwa kichwa na haoni vizuri saa nane za usiku asingojee ruhusa yako ya simu.

Mwenzetu yule ana mimba tena, wiki ya 13. Safari hii amewahi kliniki, akaeleza yaliyompata, daktari akamwanzishia aspirini ya kiwango kidogo kila siku (msijinunulie wenyewe, kaulizeni kwanza). Kadi yake anaishika mavyaa wake, na juzi kagombana na nesi kwa sababu mkojo haukupimwa.