Mapendo Yaliyoachwa Ruwe

Jumapili asubuhi Lubumbashi huamshwa na vipaza sauti. Katika mitaa ya Kenya na Katuba, Kamalondo na Ruashi, Wakatoliki, Wamethodisti, Wagarenganze na makanisa ya uamsho huomba kila mmoja kwa namna yake, na yanayowatenganisha ni mengi. Lakini lipo neno moja linalowaunganisha karibu wote, hata wale wasiokanyaga kanisani: wokovu ni mambo ya mtu na Mungu wake. Neno hilo lina sura ya unyenyekevu. Kwa kweli linaupotosha Ukristo, na Katanga imekwisha kulilipia kwa machozi.

Wa kwanza kulishangaa wangekuwa wazee wa kambi za migodi, kwa sababu wao walifundishwa kinyume chake, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1953 padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alikuwa Ruwe, kambi ya wafanyakazi wa Union Minière karibu na Kolwezi. Jina lake lilikuwa limeshavuma, kwani kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichapishwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Pale Ruwe hakutanguliza katekisimu. Aliwauliza wachimbaji na wake zao wanatamani nini maishani, kisha akakaa akasikiliza. Majibu yao yakajikusanya katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Ndivyo vuguvugu la Jamaa lilivyozaliwa.

Jamaa haikuwa kanisa jipya. Watu wake walibaki Wakatoliki, wakaenda misa kama wengine. Jipya lilikuwa hili: hakuna aliyeingia kama mtu mmoja mbele ya Mungu wake. Waliingia mume na mke, wakiongozwa na baba na mama waliotangulia, hatua kwa hatua, na kila hatua ikaitwa njia. Jioni walikusanyika kwa mafundisho, wakafunguliana mawazo. Tukumbuke kambi ilikuwa mahali gani. Kampuni ilikuwa imewaleta watu kutoka Kasai, Lomami na hata Rwanda, ikawapanga nyumba kwa nyumba, kila mmoja mbali na ukoo wake. Katika mahali kama hapo mapendo hayawezi kubaki hisia tamu ya moyoni. Yana mlango wa kugonga, na mwenye mlango anazungumza lugha nyingine.

Miaka 40 baadaye, Kolwezi ile ile iliwafukuza majirani zake.

Ilianza Agosti 1992, Lubumbashi na Likasi, katika vuguvugu la siasa za mwisho wa Mobutu. Gavana wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na vijana wa chama chake wakaingia mitaani. Mwezi Machi 1993 zamu ikafika Kolwezi. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa Katanga na wazazi waliozaliwa Katanga, walitolewa kazini na majumbani mwao. Mamia ya maelfu waliondoka. Familia zilipiga kambi kwenye vituo vya reli zikingoja treni kwa majuma na miezi, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa wangali wakingoja.

Moto huo uliwashwa na siasa, wala haitakuwa haki kuutwika mahubiri ya mchungaji yeyote. Hata hivyo waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa Wakristo, waliobatizwa kwa maji ya visima vilevile. Mtu aliyefundishwa kwamba wokovu ni wake na Mungu wake aliweza kuiona nyumba ya jirani imebaki wazi, sufuria bado mekoni, akaenda kuomba Jumapili bila kuhisi kwamba kuna kitu kimevunjika kati yake na mbingu. Hapo ndipo ulipo ubaya wa imani hii. Haimwamuru mtu kutenda dhambi, ila inamwachia nafasi ya kuihesabu kuwa haimhusu.

Leo nafasi hiyo imehamia ndani ya nyumba. Mtoto anaugua, baba anapoteza kazi, na katika maombi ya ukombozi mtoto mwingine anatajwa kuwa mchawi. Familia inayotaka kuokoka inamtoa mlangoni, naye anakwenda kulala sokoni. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya Januari 10, 2009 ya kumlinda mtoto inarudia katazo hilo. Ni aibu kwa wahubiri kwamba ilibidi serikali iandike katika sheria jambo ambalo Mathayo 25 inalisema waziwazi kwa kila anayejua kusoma.

Watetezi wa imani hii hukimbilia kwa Paulo: tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Ni kweli, na Wakatoliki na Walutheri walikiri jambo hilo kwa pamoja huko Augsburg mwaka 1999, Wamethodisti wakajiunga nao mwaka 2006. Lakini wasome Waefeso 2 hadi mwisho. Barua inayosema hayo haifiki mbali kabla ya kumtaja Kristo aliyebomoa ukuta kati ya makabila mawili yaliyochukiana, akawafanya mmoja. Kwa mwandishi wa barua ile, kubomoka kwa ukuta ndiyo sura ya neema inapomfikia mtu.

Jamaa nayo ilikuwa na makosa yake. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena, baadhi ya vikundi vikapotoka, hasa wale walioitwa Katete, na katika miaka ya 1970 maaskofu wakaibana. Waliyoyasahihisha yalistahili kusahihishwa. Kilichopotea ni ule uzoefu wa kukaa pamoja jioni na kuulizana habari za mioyo, na pengo lake limejazwa na vipaza sauti.

Mjini Lubumbashi Wasalesiani wana nyumba ya watoto wa barabarani yenye jina la Isidore Bakanja, kijana Mkongo aliyechapwa kwa amri ya Mbelgiji msimamizi wa mashamba kwa sababu ya kuvaa skapulari, alama ya imani yake ya Kikatoliki, akafa kwa majeraha hayo mwaka 1909. Alitangazwa mwenye heri mwaka 1994. Kabla ya kufa alisamehe, akaahidi kumwombea mbinguni mtu aliyeamuru apigwe. Hakutaka kuingia mbinguni na kumwacha Mbelgiji yule nje. Walezi wa nyumba ile wanapomtafutia mtoto ukoo wake, safari huishia kwenye mlango wa watu waliomtoa, na mazungumzo huanza na hao.