Neno "Okei" na Maana Zake

Mwezi huu twataka kulitazama neno moja dogo la Kiingereza lililoingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi, nalo ni "okei". Watoto hulisema, waalimu hulisema, nasi wazee vilevile.

Asili yake ni mzaha. Waandishi wa magazeti katika mji wa Boston, Marekani, walikuwa na mchezo wa kuyaandika maneno vibaya makusudi, kisha kuyafupisha. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post lilipiga chapa herufi mbili, O.K., kuwa ufupisho wa maneno yenye maana ya "yote ni sahihi". Wala katika hizo mbili hapana hata moja iliyo sahihi! Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, aligombea urais tena. Wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", wakazishika herufi zizo hizo. Yeye alishindwa, bali neno likaenea.

Basi, mtu asemapo "okei" amesema nini? Mkubwa akiombwa ruhusa, okei yake ni ruhusa. Aliyeanguka akiinuka na kusema okei, maana yake hakuumia. Mgeni akiulizwa juu ya chakula akajibu okei, hakukisifu, kilifaa tu. Mwalimu akisema, "Okei, fungueni vitabu," hamjibu mtu, aanza kazi. Na katika ugomvi, mmoja akisema "Okei, okei!" kwa ukali, hakukubali, bali amechoka.

Kwa hiyo, wazazi na waalimu, tuangalie. Mtoto akitumwa akajibu "okei", huenda amekubali, huenda amesikia tu. Mgonjwa akielezwa kipimo cha dawa akasema "okei", haijajulikana kama amefahamu. Na binti akirudi shuleni uso umemwiva kwa machozi, akaulizwa hali yake akajibu "okei", neno hilo ni mlango uliofungwa.

Hatulikatazi neno hili; lafaa katika mambo mepesi. Lakini penye dawa, fedha, ahadi au machozi, tusiridhike na herufi mbili. Mtoto na aseme atakwenda saa ngapi. Mgonjwa na aseme mwenyewe atakunywa dawa mara ngapi. Naye binti, tuketi naye kwa upole mpaka apate la kusema. Kuuliza si ujinga.