TAARIFA YA TAWI MATOMBO: KESI SI YA WASOMI WA MJINI



Tangu juzi kuna sauti zinazunguka kwenye simu kwamba hoja ya kwenda mahakamani kudai huduma za uzazi ni "mambo ya mawakili wa Dar". Wengine wanadai Katiba yenyewe imefunga mlango.

Mlango upi? Ni kweli ibara ya 7(2) inasema mambo ya Sehemu ya Pili hayadaiwi mahakamani, na humo ndimo ilimo ibara ya 11: kazi, elimu, msaada wakati wa uzee na maradhi. Haki imeandikwa, kisha ikafungiwa kabatini. Lakini geuzeni ukurasa. Ibara ya 12 hadi 29 zinadaiwa Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3), na ya 14 ni haki ya kuishi. Mama anayeteremshwa mlimani kwa bodaboda huku anavuja damu, huo ni uhai, si sera.

Waganda wamepita njia hiyo. Akina mama wawili walifariki wakijifungua, Mityana na Arua. Kesi ilifunguliwa 2011, ikatupwa 2012 kwa hoja kuwa hayo ni ya wanasiasa, Mahakama ya Juu ikairudisha 2015, na Agosti 2020 Serikali ikashindwa. Miaka 9! Anayewaahidi ushindi kabla ya uchaguzi anawadanganya.

Hukumu nayo haijitekelezi. Rebeca Gyumi alishinda kesi ya umri wa ndoa 2016, Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe sheria. Ikakata rufaa, ikashindwa tena 2019, na bado miaka ikapita Bunge halijagusa vifungu vile. Ndiyo maana kesi bila mikutano ya vijiji haitoshi.

Mwaka 2020 sheria ilirekebishwa ikamtaka mlalamikaji aape jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe.  Mwenye kesi ni wa hapa hapa, Matombo.

Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito halipii. Aliyetozwa, au aliyefiwa kwa kukosa huduma, alete kadi ya kliniki na risiti kwa Katibu. Mkononi, tafadhali. Msitume majina ya wagonjwa wala picha kwenye makundi ya simu.

Katibu wa Tawi
Matombo