Kazi za Simuni na Kazi za Mtaani



Likizo ikiingia, simu ya mama hugeuka kuwa mali ya nyumba nzima. Katika majumba mengi ya Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, baina ya kutoka madrasa na adhana ya Magharibi, vichwa vitatu vinne huinamia kioo kimoja, na kila mtoto ana kazi yake: huyu ni daktari wa meno, yule mpishi wa hoteli kubwa, na yule mwingine ana saluni yenye foleni ya wateja. Mama apitaye na sinia la mahamri husikia majina ya kazi ambazo yeye, alipokuwa na umri wao, hakuwahi kuzisikia. Ndipo linapozuka swali ambalo wazazi hutuuliza kila mara: je, michezo hii humfunza mtoto kazi, au humlaghai tu?

Swali hili zamani lingeweza kungoja. Sasa halingoji. Chini ya mtaala mpya, kundi la kwanza la wanafunzi liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na kabla ya kuingia walitakiwa wawe wamechagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15, ambaye bado huulizwa na mamake kama amekula, atakiwa aseme ataelekea wapi maishani. Achagulie nini, ikiwa kazi azijuazo ni ile ya babake, ile ya mwalimu wake, na zile alizozichezea simuni?

Tuanze kwa kuipa michezo haki yake. Mchezo mzuri humpa mtoto jina la kazi, na jina si kitu kidogo. Hakuna atamaniye asichokijua. Tena uko mchezo unaompa zaidi ya jina. SimCity, uliotolewa mwaka 1989, humkabidhi mchezaji mji mzima, naye hugundua mwenyewe kwamba ukijenga nyumba bila kutengeneza barabara na umeme watu hukuhama, na kwamba ukipandisha kodi hukukasirikia. Hayo ndiyo mawazo ya mpangaji miji, na mtoto huyapata kwa kukosea na kuanza upya, si kwa kukaririshwa. Wakubwa nao hujifunza kwa njia hiyo. Rubani wa ndege hupitia mitambo ya kuigiza safari kabla hajakabidhiwa abiria, na afisa wa meli hufunzwa rada kwa mtambo wa namna hiyo kabla hajaachiwa zamu baharini. Basi anayesema mchezo ni upuuzi mtupu hajatazama vizuri.

Lakini michezo mingi iliyomo katika simu zetu si ya namna hiyo. Ni ile ya bure, na ya bure ina namna yake ya kujilipa. Mtoto hupika keki kwa kugusa kioo mara tatu, sarafu zikamwagika, kisha likaja tangazo, kisha akaombwa anunue tanuri jipya kwa fedha za kweli. Kinachofunzwa hapo ni ununuzi, na upishi umetumiwa kama chambo.

Na hata mchezo usio na hila huficha jambo moja, nalo ni muda. Mtazameni mpishi wa halua wa hapa mjini. Wanga, sukari, samli na iliki huingia katika sufuria kubwa juu ya moto, na mwiko huzungushwa kwa saa kadhaa bila kuachwa, kwa sababu ukiuacha chini huungua na yote huharibika. Mkono huuma, jasho hutoka, na mwenye kujifunza hukaa miezi mingi akikoroga kabla hajaambiwa, "Haya, leo pima wewe." Mchezo wa upishi hauwezi kuonyesha hayo, kwani ungeyaonyesha mtoto angeufunga na kutafuta mwingine. Vivyo hivyo na wasichana wetu wanaopenda michezo ya kupamba maharusi. Kazi hiyo ipo mtaani, ina heshima na ina fedha, hasa msimu wa harusi. Lakini mpaka hina wa kweli ana daftari la wateja, anajua kumwambia mama wa bibi harusi kwamba wakati hautoshi, na anajua kwamba piko iliyochanganywa na rangi ya nywele yaweza kumchoma mtu ngozi na kumwachia alama ya kudumu. Katika simu, mkono wa bibi harusi hauungui.

Jambo la pili lililofichwa ni kazi zenyewe. Watengenezaji wa michezo hii wengi wako mbali, nao huweka kazi wanazoziona kwao. Mtoto wa kisiwa hiki aweza kujua zimamoto wa Marekani avaa nini, asijue ni nani anayeiingiza meli Kilindini. Nahodha wa meli ya kigeni, hata awe na mvi kichwani, haingii mlango huu peke yake. Hupandiwa na rubani wa bandari anayeijua mikondo na kina cha maji, na huyo ndiye amwongozaye hadi gatini. Katika kazi hiyo, iliyokuwa ya wanaume watupu, Kepteni Elizabeth Marami amejulikana kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuifanya. Ni wasichana wangapi wa Mji wa Kale, ambao husikia honi za meli wakiwa vitandani, wamewahi kuambiwa kwamba kazi hiyo ipo na kwamba mwanamke ameifikia?

Kazi za mikono nazo hupata fungu dogo mno, na hapa lawama si ya simu peke yake. Sisi wenyewe tumezoea kumtisha mtoto kwa ufundi: "Usiposoma utakuwa seremala." Twasema hivyo ilhali twasomesha watoto wetu kwamba Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala, na kwamba Nabii Daud alifua deraya za chuma kwa mikono yake. Fundi wa milango ya nakshi hupima, hukadiria, huchora na huhesabu kwa usahihi ambao mwalimu wa hisabati angeufurahia.

Yupo atakayetupinga kwa kutupeleka Tanga, na ana haki. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 2,700 waligawiwa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili zilizotungwa kwa mtindo wa michezo. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua, na watoto wakaachiwa wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa muda wa miezi 15 bila kuwekewa mwalimu. Kabla ya hapo, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baadaye idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili wa shindano hilo, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Basi, asema mpinzani wetu, kioo chaweza kufundisha peke yake.

Chaweza, kwa kile kilichomo ndani yake. Herufi "ba" iliyo juu ya kioo ni "ba" kamili, haikupungukiwa na kitu, na mtoto aliyeijua pale ataijua popote. Kazi haiko hivyo. Kazi ina bosi, ina wateja, ina harufu, ina siku ambayo hakuna aliyekuja kununua. Kwa hiyo mchezo wa kazi wahitaji mtu pembeni, mtu atakayeuunganisha na dunia.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Kibera, Nairobi. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilishirikiana na kampuni ya Mojang iliyotengeneza mchezo wa Minecraft, ule wa kujenga kwa matofali ya mraba ambao wengi wa wana wetu waujua. Mradi wao waitwa Block by Block, na uwanja wa michezo wa Silanga huko Kibera ulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Utaratibu wake ndio tunaoupenda. Mahali penyewe hutengenezwa kwanza ndani ya mchezo, kwa vipimo vya kweli. Kisha wakaazi, na hasa vijana, hukaa makundi makundi mbele ya kompyuta na kujenga wapatakavyo: taa hapa, mtaro pale, kiti chenye kivuli kwa kina mama. Halafu husimama mbele ya wasanifu na maafisa kueleza kwa nini wamejenga hivyo. Msanifu huyachukua mawazo yao, huyapima kwa fedha zilizopo na kwa maumbile ya ardhi, na huchora ramani inayoweza kujengwa. Kijana aliyepitia hayo hakuucheza usanifu tu, ameketi na msanifu, amemsikia akisema "hili haliwezekani, na sababu ni hii."

Sasa fikirini mtoto wa Ndia Kuu akijenga mtaa wake katika Minecraft: baraza, mlango wa nakshi, roshani, kichochoro kisichopitisha gari. Katikati ya ujenzi atauliza kwa nini kuta za nyumba ya bibi ni nene hivyo. Jibu limo katika mawe ya matumbawe na chokaa, na wapo mafundi, na wapo watumishi wa Makumbusho ya Taifa pale Ngome ya Yesu, ambao kulijua jibu hilo ndiyo kazi yao.

Wazee wetu walilijua hitaji hili kabla ya simu kubuniwa. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa tunachokipita pale Tudor kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa juhudi na michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati huo, na masomo yakaanza mwaka 1951. Kusudi lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa Wakenya wa dini zote.

Kwa mama aliye na simu moja na watoto watatu, tungeanza hivi. Zima intaneti wakati wa mchezo, na matangazo mengi yatakatika. Funga ununuzi kwa nambari ya siri asiyoijua mtoto. Pendelea mchezo unaomwachia mtoto nafasi ya kujenga na kukosea kuliko ule unaomzawadia kwa kila mguso. Kaa naye robo saa umuulize amefanya nini na kwa nini. Ukiona hana jibu, mchezo huo haumpi kitu.

Kisha, kazi aliyoipenda simuni itafutiwe mwenyewe mtaani. Kisiwa hiki ni kidogo, na karibu kila ukoo una mjomba bandarini, shangazi muuguzi, jirani fundi cherehani. Ombeni ruhusa mapema, mwende asubuhi kabla wateja hawajajaa, na muda wa nusu saa watosha. Maswali yaandikwe daftarini nyumbani, kwa sababu mtoto akifika mbele ya fundi hutahayari. Ulijifunza kwa nani, na kwa miaka mingapi? Unaamka saa ngapi? Kitu gani uliharibu mwanzoni? Mwezi mbaya unaishije? Na kama mwenyeji ataridhia, aachiwe mtoto ashike patasi, au azungushe mwiko wa halua mpaka mkono umchoke.