Chumba cha Ziada Champonza Mnyonge

Nchini Uingereza, mpangaji wa nyumba ya halmashauri anayeishi kwa ruzuku ya serikali hulala akiwaza kodi. Tangu Aprili 2013, mtu wa umri wa kufanya kazi mwenye chumba kimoja kinachodaiwa kuwa cha ziada hupunguziwa msaada kwa asilimia 14 ya kodi inayostahiki. Vikiwa viwili au zaidi, asilimia 25. Huambiwa ahamie nyumba ndogo. Nyumba ndogo zenyewe ni haba! Naye anayeomba ruzuku upya husubiri majuma matano kabla ya malipo ya kwanza, hali kodi haisubiri. Mkopo wa kumvusha upo, lakini hurejeshwa kutoka ruzuku ile ile. Hivyo mnyonge hufikishwa mahakamani, pengine kufukuzwa, kwa deni lililozaliwa na utaratibu wa serikali yenyewe. Serikali ya Scotland huyafidia makato ya vyumba. England haina udhuru.