Mzimu Uvuliwe Shuka Mbele ya Watoto

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee wetu, na katika katuni zote za kizungu nilizopata kuziona, hakuna iliyowafasiria watoto methali hii vizuri kama ile ya mbwa mwoga aitwaye Scooby-Doo. Wanaoijua wataikumbuka. Vijana wanne na mbwa wao husafiri ndani ya gari lililochorwa maua, na kila waendako hukuta watu wamehama nyumba au wamefunga biashara kwa hofu ya zimwi. Vijana hupekua, huokota ushahidi, hutega mtego, na mwisho zimwi hukamatwa. Likivuliwa uso wa bandia huwa si zimwi tena, bali ni meneja, au wakili, au jirani mwema aliyetaka watu watoke ili yeye apate ardhi au hazina iliyofichwa.

Katuni hii ilianza kuonyeshwa na televisheni ya CBS ya Marekani tarehe 13 Septemba 1969. Waliobuni ni waandishi Joe Ruby na Ken Spears, katika studio ya Hanna-Barbera. Wakati ule wazazi wa Marekani walikuwa wakilalamika kuwa katuni za Jumamosi asubuhi zimejaa ngumi na bunduki, na wenye televisheni wakatafuta kitu cha kuwasisimua watoto bila ya kumwaga damu. Walichokipata ni fumbo lenye kicheko, na juu ya hayo, lenye jawabu.

Tangu hapo imefufuliwa mara nyingi hata kuhesabu ni kazi. Mwaka 1985 walitoa mfululizo wenye mizuka kumi na mitatu, na yote ya kweli. Mwaka 1998 ikatoka filamu ya kisiwa cha maiti wanaotembea, ikatangazwa kwa kujigamba kwamba safari hii mazimwi si watu. Mwaka 2002 wakaurudia mtindo wa zamani, lakini mfululizo wa 2010 hadi 2013, uliosifiwa sana kwa ufundi wake, ukaishia kwenye uovu usio wa binadamu uliofungwa chini ya mji. Na mwaka 2023 likaja toleo la Velma, la watu wazima, lenye maiti na maneno machafu, likaanza bila ya mbwa mwenyewe.

Sina ugomvi na kufufua. Kasida za Maulidi twazisoma kila mwaka, na kila kizazi huja na mahadhi yake, wala hakuna alalamikaye, kwa kuwa maneno ni yale yale. Ugomvi wangu ni kwa anayeufufua mwili akaiacha roho. Na roho ya katuni ile ilikuwa ni dakika moja tu ya mwisho, pale mkono unapoushika uso wa bandia na kuuvuta.

Thamani ya dakika ile sikuijulia Mombasa. Niliijulia Turkana, katika safari yangu ya Lodwar na Kakuma. Lodwar sisi wa Pwani tuliizoea kuisikia katika historia, kwamba ndiko alikowekwa Mzee Kenyatta tangu 1959 hadi 1961. Leo ni makao makuu ya kaunti. Ukitoka hapo kwenda kaskazini magharibi, kiasi cha kilomita 120, unafika Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wanaokaribia laki tatu, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko.

Huko, kama vijijini kwetu, kuna vibanda vya video. Mtoto hutoa senti zake, akakaa benchini. Filamu zinazopendwa ni zile zilizosimuliwa kwa Kiswahili, mtindo uliompa jina DJ Afro nchi nzima. Katuni nazo huchezwa mchana, za kale na za sasa bila mpango, zilivyoingia kwenye kompyuta ya mwenye kibanda. Siku moja ilichezwa ya zamani. Uso wa bandia ulipovuliwa, watoto wale wa mataifa mbalimbali, wasioweza hata kusemezana kwa lugha za mama zao, walipiga kelele pamoja kwa Kiswahili: “Ni mtu! Ni mtu!” Ikafuata moja ya zile mpya, ambayo maiti wake ni maiti kweli. Hapakuwa na kelele wala kicheko. Mtoto mmoja alimwuliza kaka yake kama wale nao hukaa kwenye lile korongo kavu la mto, njia yao ya kurudi nyumbani.

Nimelifikiria jambo hili sana. Mtoto wa Kakuma, au mzazi wake kabla yake, alifukuzwa kwao. Hakufukuzwa na jini wala na zimwi. Alifukuzwa na watu wenye majina, wenye kutaka ardhi, au madini, au kiti. Katuni ya zamani, kwa mzaha wake wote, humwambia mtoto huyu neno la kweli: anayekuhamisha ana uso, na ana anachokitaka. Katuni iliyofufuliwa vibaya humwambia kuwa uovu hauna mwenyewe, umetoka chini ya ardhi tu, na dawa yake ni kukimbia. Huyu amekwisha kukimbia. Anahitaji kufundishwa kuuliza.

Hata mtoto wa Lodwar ana haja ya somo hilo. Mwaka 2012 Turkana ilitangaziwa mafuta. Mwaka 2013 ikatangaziwa maji mengi chini ya ardhi huko Lotikipi, dunia nzima ikashangilia, na baadaye vipimo vikaonyesha kuwa yana chumvi isiyonyweka. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mtoto atakayekua katika nchi ya matangazo makubwa yafaa ajue mapema kusema: nionyeshe ushahidi.

Najua baadhi ya wasomaji wangu watanijibu: Wewe umesoma chuoni, vipi wawaambia watoto kwamba hakuna majini? Sikusema hivyo. Majini wapo, na Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Lakini kuiamini ghaibu ni jambo moja, na kumwamini kila adaiye kuwa ameiona ni jambo jingine. Suratul Hujurat imetufundisha kuichunguza habari kabla hatujamdhuru mtu asiye na kosa. Na sisi Waislamu wa Pwani tuna sababu ya kulishika somo hili kuliko wengi.

Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walilala nje kwa hofu ya Popobawa, na katika vurumai ile akauawa mtu mgonjwa wa akili aliyedhaniwa kuwa ndiye. Huku kwetu Kilifi, wazee wenye mvi wamesingiziwa uchawi na kukatwa mapanga, na mara nyingi nyuma ya neno hilo “mchawi” hukutwa mgogoro wa shamba. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe. Msomaji, tofauti iko wapi baina ya mpwa anayemsingizia mjomba wake uchawi ili arithi minazi, na yule meneja wa katuni anayevaa uso wa zimwi ili wapangaji wahame? Tofauti ni kwamba katika katuni huja watoto wakamvua uso kabla damu haijamwagika.

Wala somo hili si la kuazima kwa Wamarekani. Sisi tulilitangulia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika “Mzimu wa Watu wa Kale”, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 na kuchapishwa kitabu mwaka 1960, miaka tisa kabla ya mbwa yule kuzaliwa. Mtu anakutwa ameuawa penye mzimu, vinywa vya watu vinaanza kunong'ona, na anakuja Bwana Msa na kiko chake, mtulivu, mdadisi, anayeuliza ya watu badala ya kuogopa ya mashetani. Baada ya hapo akatupa “Kisima cha Giningi”, “Duniani Kuna Watu”, “Siri ya Sifuri” na vinginevyo. Jina “Duniani Kuna Watu” peke yake latosha kuwa jawabu la fumbo lolote: wanaotenda ni watu.

Basi kama huu ni wakati wa kufufua, mbona hatumfufui Bwana Msa? Wasiniambie kwamba hatuwezi. “Tinga Tinga Tales” ilitengenezwa Nairobi, ikaonyeshwa na BBC mwaka 2010. “Ubongo Kids” ilianza Tanzania mwaka 2014, na watoto wakajifunza hesabu kwa Kiswahili huku wakiimba. Mafundi tunao na lugha tunayo, tena ndiyo lugha ile iliyowatoka watoto wa Kakuma walipofurahi. Atengenezwe Bwana Msa wa katuni, afuatane na watoto wanne, mmoja wa Lamu, mmoja wa Lodwar, mmoja wa Juba na mmoja wa Bukavu, waulize nani aliyeeneza habari ya mzuka kisimani, na nani atafaidi watu wakihama.

Wapo wasemao kwamba watoto wa leo huchoka na hadithi ambayo mwisho wake unajulikana. Hao hawajasimulia ngano. Bibi zetu walimwokoa Sungura kwa ujanja ule ule kila usiku, nasi tukaomba tena. Mtoto hachoki na jawabu la haki. Anachoka na kutojibiwa.

Nami, kwa kuwa kazi yangu ni shairi, nawaachia mafundi hao ubeti huu, wakitaka wauimbe mwanzoni:

Kikutishacho gizani, usianze kutoroka,
Shika taa mkononi, tazama alikofika,
Ni nani yuko shukani, ni kipi anachotaka,
Mvue shuka mwanangu, uso upate fichuka.