Udongo Uwahi Ungali Maji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote.

Ijumaa hii tumependa kuzungumzia jambo ambalo halisikiki sana mimbarini, nalo ni namna baba na mama wanavyokaa na watoto wao wadogo nyumbani pindi mvua zinapokatika na mavuno kuingia. Tutautolea mfano mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, yaani Kyela na vijiji vyake, ingawa tunaamini kwamba mzazi wa Tanga au wa Kigoma naye atajiona humo.

Kyela haina vuli na masika kama ilivyo pwani. Msimu wake wa mvua ni mmoja mrefu, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuzidi nguvu kati ya Machi na Mei. Baada ya hapo mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hupungua maji, mpunga huvunwa, na kipupwe cha Juni na Julai huingia kwa jua la upole na upepo utokao upande wa kusini wa ziwa. Mwezi huo huo wa Juni shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Kwa hiyo neema tatu hukutana kwa pamoja: chakula kipo ghalani, ardhi imekauka, na watoto wapo nyumbani. Swali letu ni hili: je, sisi wazazi tunaitumiaje neema hii?

Katika nyumba nyingi jibu halipendezi. Baba huondoka alfajiri kwenda shambani, jioni huelekea sokoni au barazani kwa wenzake, na hurejea watoto wakiwa wamekwisha lala. Mama hubaki na mzigo wote: kupika, kuanika mpunga, kuchota maji na kulea. Watoto waliokua kidogo hupelekwa shambani kufanya kazi. Ama wale wa miaka minne, mitano au saba, hao huachwa wajitafutie la kufanya, na wakisumbua hupewa simu ili wanyamaze. Wakipata sarafu mkononi, huishia katika vibanda umiza kutazama picha ambazo hakuna mzazi aliyezichagua. Mtoto wa namna hii si yatima, baba yake yu hai na anamlisha, lakini sauti ya baba huyo anaijua kwa amri na makaripio tu.

Si haki, hata hivyo, kudhani kwamba hali hii imeletwa na simu. Umbali baina ya baba na mwana una historia yake katika ardhi hii. Watafiti wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu juu ya vijiji vya marika. Anaeleza kwamba mvulana alipofikia umri wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa wazazi wake, akaungana na wa rika lake, nao wakajijengea vibanda pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa makundi leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Lakini kulala na kuzungumza kwao kulikuwa baina yao wenyewe.

Wazee wale hawakuwa wapumbavu. Waliona haya mtoto aliyekwisha pambanukiwa na mambo kulala karibu na wazazi wake. Tena walikuwa na neno lao zuri sana, ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha, kula, kuzungumza na kusaidiana. Waliamini kwamba mtu hupata busara kwa kukaa na wenzake na kusikiliza maneno yao, na kwamba anayejitenga hukosa akili ya kuishi na watu. Hilo ni kweli tupu. Upungufu wake ni kwamba ukwangala ulikuwa wa watu wa rika moja. Mwanamume alistarehe na wanaume wenzake, na mvulana na wavulana wenzake. Baba aliheshimiwa na kuogopwa, lakini hakuwa mwenzi wa mazungumzo ya mtoto wake.

Leo vijiji vile vya marika vimekwisha. Kijana hajijengei tena kibanda cha matete pembezoni mwa kijiji. Kilichosalia ni ule umbali, bila ya ule utaratibu uliokuwa ukimlinda mtoto. Zamani mvulana aliyetoka kwa baba yake alipokelewa na rika linalojulikana na kijiji kizima, na wazee walilitazama kwa macho yao. Leo anayetoka mbele ya baba yake anapokelewa na nani? Anapokelewa na barabara, na kibanda umiza, na kioo cha simu. Ndiyo maana tunasema kwamba ukwangala ni lazima sasa uingizwe ndani ya nyumba, baina ya mzazi na mtoto, kabla ya mtoto kuutafuta kwingine.

Na sisi Waislamu tunao mfano ulio bora kuliko yote. Uislamu nao unaujua umri ule wa miaka kumi: Mtume (S.A.W.) ameagiza watoto waamrishwe sala wakiwa na miaka saba, na watenganishwe malazi wafikapo kumi. Angalia hekima iliyomo. Haya inahifadhiwa, lakini mtoto habanduliwi na nyumba. Anabadilishiwa kitanda, habadilishiwi baba.

Tena Mtume (S.A.W.) hakuwa baba wa mbali. Bwana mmoja aitwaye Al-Aqra' bin Habis alipomwona akimbusu mjukuu wake Hasan, alistaajabu, akajisifu kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Jibu alilopewa lilikuwa la kumtikisa: asiye na huruma kwa wengine asitaraji huruma. Mtume huyo huyo alipata kusali hali amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama. Alimwita mdogo wake Anas kwa jina la heshima, Abu Umayr, na kumuuliza habari za ndege wake mdogo aliyekuwa akicheza naye. Kiongozi wa umma, mwenye vita na mikataba na wajumbe mlangoni, alipata nafasi ya kuulizia ndege wa mtoto! Na alipoona miongoni mwa vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha farasi aliyetiwa mbawa za matambara, hakukemea. Aliuliza ni nini, akajibiwa kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, naye akacheka sana. Bibi Aisha amesimulia pia kwamba nyumbani kwake Mtume alikuwa katika kuwatumikia watu wake, akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake, na sala inapofika hutoka. Baba anayesema kazi za nyumbani zinamshushia hadhi amempata wapi kiongozi wake?

Hapa wapo watakaosema, "Mavuno hayangoji. Mkulima hana wasaa wa kucheza." Hatumwambii mtu auache mpunga wake uharibike. Tunachosema ni kwamba kazi nyingi za msimu huu ndizo zenyewe mchezo wa mtoto, iwapo mzazi atakubali kuzifanya pamoja naye na kuvumilia polepole yake. Mpunga ukianikwa juu ya turubai, mtoto wa miaka mitano aweza kuugeuza kwa mikono na kufukuza kuku. Mama akipepeta, mtoto apewe ungo mdogo wake. Baba akitengeneza banda la kuku kwa mianzi, mtoto ashike kamba. Mwenye shamba la kakao, na Kyela ndiyo wilaya inayoongoza nchini kwa zao hilo, na ajaze udongo katika viriba pamoja na wanawe, kila mtoto awe na mche wake mmoja wa kumwagilia kila jioni. Mti huo utazaa baada ya miaka michache, na mtoto atajua kwamba aliupanda na baba yake.

Ipo tofauti kubwa kati ya jambo hili na kumtumikisha mtoto. Kumweka shambani tangu asubuhi mpaka jioni akiwinga ndege peke yake, au kumbebesha mzigo unaomzidi, hiyo ni dhuluma. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa mzazi yupo kando yake, na mtoto akichoka anaruhusiwa kuacha, hayo ni malezi. Ikiwa mzazi hayupo na mtoto hana ruhusa ya kuchoka, huo ni utumwa mdogo.

Na michezo mitupu nayo isidharauliwe. Nani asiyejua mtumbwi wa ganda la mgomba, gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko, mpira wa matambara, bao lililochimbwa mchangani? Kila kimoja kati ya hivi humfundisha mtoto kupima, kukata, kufunga na kuanza upya kikivunjika. Simu haifundishi hayo. Ila kwa wakazi wa ufukweni tunatoa tahadhari moja: mtumbwi wa ganda uelee katika beseni au mbele ya macho ya mkubwa. Ziwa halimwonei huruma mtoto aliye peke yake.

Tuwatazame jirani zetu Wakisi wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi Matema na kuenea Kyela nzima. Ufundi huo ni wa wanawake, nao umepita kutoka kwa mama hadi kwa binti, kizazi baada ya kizazi. Ungefikaje leo kama kila mama angemfukuza binti yake asimharibie udongo? Mfinyanzi anajua kwamba udongo ukikauka haukubali tena umbo jipya, ukilazimishwa huvunjika. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Baba anayengoja mwanawe afike miaka kumi na mitano ndipo aanze kuzungumza naye atakuta chungu kimekwisha choma moto, na kilifinyangwa na mikono asiyoijua.

Katika vijiji vingi vya mwambao huu Waislamu ni wachache, na madrasa huenda iko mwendo mrefu. Kwa familia kama hiyo nyumba ndiyo madrasa ya kwanza, na pengine ya pekee. Mtoto hataipenda dini anayoisikia kwa fimbo tu. Ataipenda akiiona kwa baba anayenawa mikono yenye udongo, akatia udhu, akasema, "Njoo, mwanangu, tukasali, kisha tutamalizia banda letu."

Msimu wa mavuno una somo lake maalumu. Katika Surat Al-An'aam Mwenyezi Mungu ameamrisha haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa kwake. Mazao yaliyokua kwa mvua, yakifikia kiwango, hutolewa sehemu moja ya kumi; yaliyomwagiliwa kwa gharama, nusu ya hiyo. Kiwango hicho ni wasaki tano, na hesabu ya mpunga ulio katika maganda yake aulizwe shekhe. Wito wetu ni kwamba fungu hilo lisipimwe kwa siri. Watoto wakae karibu, wahesabu debe kwa debe, waone la kumi linawekwa kando. Hata yule ambaye mavuno yake hayakufikia kiwango, na ampe mtoto bakuli la mchele mpya alipeleke kwa jirani, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Mtoto aliyebeba bakuli lile kwa mikono yake miwili, akipita taratibu ili lisimwagike, hatasahau.

Tufanye nini basi Juni hii? Kwanza, kila baba ajiwekee wakati baina ya Alasiri na Magharibi, hata kama ni nusu saa, auhesabu kuwa deni la watoto wake. Pili, kila nyumba ichague kazi moja ya mikono, banda, kichanja cha vyombo, kitalu au kiti cha mianzi, na kazi hiyo isikamilishwe bila ya watoto. Tatu, familia ile pamoja, baba akiwemo, angalau chakula cha jioni, na simu zote ziwekwe mbali. Nne, mama apunguziwe mzigo, kwa kuwa aliyechoka kupita kiasi hana kicheko cha kumpa mtoto.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha. Gunia la mpunga likiuzwa leo, mwakani utavuna jingine. Bali mtoto wa miaka mitano atakuwa na miaka mitano kwa msimu mmoja tu, na kipupwe hiki kikipita hakirudi naye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, nasi atujaalie tuwe wazazi wanaostahili kutulizwa. Amin.